Mlima Unaotazamwa kutoka Katuba: Historia ya Safari ya Gari Kileleni

1. Utangulizi

Miongoni mwa mazoea yaliyoingia Afrika pamoja na motokaa ni safari ya kupanda mlima kwa ajili ya kutazama tu. Anayekwenda safari hiyo haendi kuwinda, kuchuma dawa, kuzika wala kutambika. Hupanda kwa gari hadi barabara inapoishia, hushuka, hutazama mabonde na miji iliyo chini yake, kisha hurudi alikotoka. Kiswahili sanifu hakina neno moja la safari ya namna hii. Watu husema wamekwenda kutembea au kupunga hewa, na katika lugha ya ofisi za utalii husemwa kutazama mandhari. Upungufu huu wa jina si ajabu. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, kwa muda mrefu, mlima ulikuwa mahali pa kuishi, pa kulima, pa kukimbilia vita au pa kuabudia. Kupanda ili kuona tu, kisha kushuka, ni jambo lililokuja na watu waliokuwa na gari, mafuta na siku ya mapumziko.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya safari hiyo kutoka mahali ambapo msomaji pengine hakupatarajia, yaani komuni ya Katuba katika mji wa Lubumbashi, Haut-Katanga. Lubumbashi umejengwa juu ya uwanda wa juu, kwenye kimo cha takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini ardhi yake ni tambarare, na mkazi wake hahisi kwamba yuko juu. Hata hivyo, mtu anayesimama Katuba huona mlima. Ni mlima mweusi ulio karibu na dohari ndefu ya kiwanda cha shaba, na haukuumbwa na volkano wala na mpasuko wa ardhi. Ni chungu ya masalia ya shaba iliyoyeyushwa, ambayo wenyeji huiita kwa neno la Kifaransa, terili.

Hoja yetu ni kwamba historia ya kutazama mandhari kutoka kileleni haitenganishwi na historia ya kazi. Kila barabara ya kupanda mlima ina watu walioichimba, na kila anayefika juu amepelekwa na kazi ya wengine. Mahali pengine jambo hili limefichwa na uzuri wa mandhari yenyewe. Katuba halikufichika, kwa sababu huko mlima wenyewe ndio kazi.

2. Barabara za milimani na waliozichimba

Kabla ya reli na motokaa, safari za Katanga zilikuwa za miguu. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na Kiswahili chenyewe kilifika Katanga kwa sehemu kubwa kupitia njia zao, wakati wa biashara iliyounganisha pwani, Tabora na Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke. Katika safari hizo mlima ulikuwa mzigo juu ya mzigo. Aliyebeba hakuwa na sababu ya kuusifu, na aliyebebewa ndiye aliyepata nafasi ya kuinua macho. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 vimejaa sifa za mandhari, lakini ni vichache vinavyotaja majina ya wapagazi wao.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, kama Lubumbashi ulivyoitwa hadi mwaka 1966, katika mwaka 1910. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, barabara za magari zilianza kuenea katika Kongo ya Kibelgiji. Nyingi zilichimbwa na kutunzwa na wanavijiji waliolazimishwa kutoa siku za kazi kila mwaka chini ya usimamizi wa machifu. Sheria iliyatumia maneno ya kazi za lazima kwa manufaa ya umma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku hizo ziliongezwa hadi 120 kwa mwaka, na ingawa siku hizo hazikuwa za barabara peke yake, barabara zilikuwa miongoni mwa kazi zilizochosha zaidi, kwani kila msimu wa mvua ulibomoa kilichotengenezwa katika kiangazi.

Mfano ulio dhahiri ni barabara ya Kabasha huko Kivu Kaskazini. Kutoka uwanda wa Rwindi, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, barabara hiyo hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona nyingi hadi kwenye nyanda za juu za Kanyabayonga na Lubero. Msafiri akitazama nyuma huona uwanda wote na Ziwa Edward kwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianza kutoa miongozo ya wasafiri, na njia za namna hii ziliorodheshwa humo kama fahari za koloni. Miongozo ilieleza kinachoonekana kutoka juu. Haikuwa kazi yake kueleza ni nani waliokata mwamba.

Kenya inatoa mfano wa pili. Barabara ishukayo kutoka nyanda za juu hadi Mai Mahiu, ambako wasafiri wa leo husimamisha magari yao watazame Bonde la Ufa na Mlima Longonot, ilijengwa katika Vita Kuu ya Pili na wafungwa wa kivita wa Kitaliano. Wafungwa hao walijenga pia kanisa dogo kando ya barabara, ambalo bado lipo. Kwa sababu ya kanisa hilo wasafiri wengi hujua kwamba barabara ilijengwa na wafungwa. Wanavijiji wa Kabasha hawakuacha jengo, na kwa hiyo msafiri hana linalomkumbusha.

Je, mwenyeji wa Elisabethville angeweza kwenda safari ya namna hii? Kwa kanuni za wakati ule, Mwafrika hakuweza kuondoka wilaya yake kwenda kukaa kwingine bila hati ya ruhusa, na usiku hakuruhusiwa kuwa katika mji wa Wazungu bila kibali. Aliyepanda mlima kwa gari aliupanda akiwa dereva, mpishi au mtumishi wa nyumbani. Watumishi hao waliona mandhari yale yale, kutoka kiti cha mbele au nyuma ya lori pamoja na masanduku. Tunayo bahati kwamba kundi hili liliacha maandishi yake lenyewe. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa majumbani kilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Elisabethville, iliyokusanywa na André Yav. Historia hiyo inautazama mji na mabwana wake kwa jicho la mtu aliyewapikia, aliyewafulia na aliyefuatana nao porini. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni hati adimu, kwa kuwa historia nyingi za ukoloni wa Katanga ziliandikwa kwa Kifaransa na watu waliokaa kiti cha nyuma.

Baada ya uhuru, Katanga yenyewe ilipata mahali rasmi pa safari ya kutazama. Mwaka 1970 Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu ilianzishwa kaskazini mwa Lubumbashi. Uwanda wa Kundelungu unafika kimo cha takriban mita 1,700, na kwenye ukingo wake maji ya mto Lofoi huanguka zaidi ya mita 300 kuelekea bonde la Lufira. Kwa hesabu ya vimo, motoka, kama gari linavyoitwa mjini humo, inayotoka Katuba kwenda huko hupanda mita 500 hivi tu. Umbali mkubwa zaidi ni ule wa mfuko na wa barabara. Kwa familia nyingi za Katuba, Kundelungu ni jina linalojulikana kwa kusikia. Mlima wanaoujua kwa macho ni ule wa kiwandani.

3. Katuba na mlima wa kiwandani

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilitiririka katika tanuri la Lubumbashi mwaka 1911. Mawe ya madini yakiyeyushwa, shaba hutengana na uchafu wake, nao uchafu huo hupoa na kuwa kitu kigumu cheusi. Wahunzi wa Kiswahili walikijua kitu hiki tangu zamani na kukiita mavi ya chuma. Mhunzi wa kijijini alikuwa na fungu lake dogo karibu na kinu, na hata leo wanaakiolojia huyatambua makazi ya kale kwa mafungu hayo. Tofauti ya Lubumbashi ilikuwa ya ukubwa. Kiwanda kilifanya kazi kwa miongo minane, na masalia yaliyorundikwa yalipita tani milioni kumi. Hivyo ndivyo tambarare ilivyopata mlima wake.

Waliolisha tanuri hilo walitoka mbali: Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga kwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi kwa mikataba mirefu, ikiwaruhusu kuishi na wake na watoto katika makambi yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri kazini, kisha kikawa lugha ya mama ya watoto waliozaliwa makambini. Kwa hiyo mlima ule na Kiswahili cha Lubumbashi vilikua pamoja, katika miaka ile ile na kwa mikono ile ile.

Utulivu uliokusudiwa na kampuni ulikuwa na mipaka. Mwezi Desemba mwaka 1941, wakati bei za vitu zilipopanda kwa sababu ya vita na mishahara ikabaki chini, wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira mjini Elisabethville. Makumi ya watu waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Tanuri liliendelea kuwaka, na mlima uliendelea kukua.

Katuba ilizaliwa baadaye kidogo. Mji wa Waafrika ulikuwa umetengwa na mji wa Wazungu kwa eneo tupu lililoitwa eneo la kati, na komuni ya Albert, ambayo leo ni Kamalondo, pamoja na ile ya Kenya, zilikuwa zimejaa. Katika miaka ya 1950 utawala ulifungua Katuba na Ruashi. Wakazi wengi walijenga nyumba zao wenyewe kwa mkopo wa vifaa, kwa utaratibu uliohusishwa na jina la Ferdinand Grévisse, mtawala wa wilaya. Huu ulikuwa utaratibu tofauti na ule wa makambi, ambako nyumba ilikuwa mali ya kampuni na mfanyakazi aliiacha alipoacha kazi. Aliyejenga Katuba alikuwa na nyumba yake, hata kama alikuwa bado analipa deni la matofali. Mwaka 1957 Katuba ilikuwa miongoni mwa komuni zilizopiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji.

Basi hali ilikuwa hii. Baba alitoka nyumbani kwake asubuhi kwenda kiwandani, na kila zamu aliyofanya iliongeza kitu juu ya mlima. Jioni alirudi Katuba, akakaa uani, akautazama. Hakuna aliyemchukua kwa gari hadi kileleni auone mji wake kutoka juu. Kilele kilikuwa ndani ya ua wa kampuni, na kulikuwa na mlango na mlinzi. Mlima ambao mfanyakazi aliujenga aliuona kutoka chini tu, kwa maisha yake yote.

4. Mandhari na ukumbusho

Mtu aweza kudhani kwamba chungu ya uchafu wa kiwanda haiwezi kupendwa. Historia ya sanaa ya Lubumbashi inaonyesha kinyume chake. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mitaani waliuza picha kwa wenyeji, nazo zilitundikwa katika vyumba vya kuzungumzia vya nyumba za kawaida. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, ndiye anayejulikana zaidi miongoni mwao, kwa sababu katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi yake na kumsimulia kila picha kwa Kiswahili. Kiwanda cha shaba, dohari na mlima wake vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochorwa na wasanii wa mji huu.

Neno walilotumia wachoraji na wanunuzi wao kueleza thamani ya picha lilikuwa ukumbusho. Picha ilihesabiwa kuwa nzuri ikimfanya mtazamaji akumbuke, na kukumbuka huko kukamfanya afikiri na kuzungumza na wageni wake. Neno hili linastahili kuzingatiwa na wataalamu wa lugha. Katika Kiswahili sanifu, ukumbusho ni kitu au tendo la kukumbushia jambo lililopita. Katika Kiswahili cha Lubumbashi limekuwa pia kipimo cha uzuri. Mandhari humtaka mtazamaji asimame mbali na akitazamacho, apendezwe, aende zake. Ukumbusho humtaka ajione yumo ndani ya kile anachokitazama.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya mtalii wa Kabasha na mkazi wa Katuba. Wote wawili wanautazama mlima. Wa kwanza ameletwa na gari hadi juu, na anachokiona chini ni uwanda usiokuwa na jina la mtu. Wa pili yuko chini, na anachokiona juu ni miaka ya baba yake. Si kweli kwamba mmoja ana jicho la uzuri na mwingine hana. Uzuri wao una misingi tofauti, na huo wa Katuba haujapata nafasi katika miongozo ya wasafiri.

5. Mlima unaoteremshwa

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na kampuni ya taifa iliyoirithi baadaye ilijulikana kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko ya siasa, uporaji na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai kutoka Katanga. Uzalishaji ulishuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Tanuri la Lubumbashi lilizimwa, dohari ikaacha kutoa moshi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1911 mlima haukuongezeka.

Haukupita muda mrefu kabla ya mlima kuanza kupungua. Masalia yale yaliyotupwa yalikuwa na kobalti, shaba, zinki na jemaniamu, ambazo tanuri la zamani halikuweza kuzitoa zote. Kuanzia mwanzoni mwa karne hii, mradi wa pamoja wa Gécamines, kampuni ya George Forrest na kampuni ya Kimarekani OM Group ulianza kuyayeyusha upya. Mchanganyiko wa kobalti uliopatikana ulisafirishwa hadi Kokkola, Finland. Baadaye mradi uliingia mikononi mwa Gécamines peke yake, na mwaka 2024 shehena ya kwanza ya jemaniamu, madini yatumikayo katika nyaya za mawasiliano na vifaa vya kuonea gizani, ilipelekwa Ubelgiji kwa kampuni ya Umicore. Inafaa msomaji ajue kwamba Umicore ni jina jipya, lililochukuliwa mwaka 2001, la kampuni iliyoitwa Union Minière.

Kwa hiyo magari yamefika mlimani hatimaye. Yanachukua mlima wenyewe. Kila kinachoondoka ni sehemu ya zamu za watu waliozeeka au kufariki Katuba, Kenya na Kamalondo, na kinauzwa kwa bei ambayo wao, walipokuwa wakikirundika, hawakuambiwa kwamba kipo. Wapo watakaosema kwamba si hasara. Terili ni uchafu, na kuuondoa ni kuusafisha mji. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana viwango vya juu sana vya kobalti na metali nyinginezo mwilini. Anayeishi kando ya kiwanda hana anasa ya kukipenda kiwanda bila kuogopa. Lakini usafi wa mji na umilikaji wa thamani ni mambo mawili. Mtu aweza kutaka uchafu uondolewe, na wakati huo huo akauliza ni nani anayelipwa kwa uchafu huo, na ni nini kitakachobaki kuwaambia watoto kwamba babu zao walipita hapa.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba safari ya gari hadi kileleni, inayoonekana kuwa burudani isiyo na historia, imejengwa juu ya kazi za lazima, hati za kusafiria na mgawanyo wa nani akae kiti gani. Tumeona pia kwamba mjini Lubumbashi upo mlima ambao waliousimamisha hawakuupanda, na ambao unaondolewa kabla ya historia yao kuandikwa kwa ukamilifu.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanatupasa. La kwanza ni la watunga mipango ya mji. Mataifa mengi yenye viwanda yamehifadhi baadhi ya vilima vyao vya masalia na kuvifanya mahali pa umma. Vile vya migodi ya makaa ya mawe ya kaskazini mwa Ufaransa viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2012, na watu huvipanda siku za mapumziko. Hakuna sababu ya kimsingi ya kuifanya Lubumbashi ishindwe kubakiza sehemu ya mlima wake, iliyokaguliwa usalama wake, yenye njia ambayo mkazi wa Katuba ataipita bila kumwomba mlinzi ruhusa.

La pili ni letu sisi wa vyuo vikuu. Wazee waliofanya kazi kwenye tanuri kabla halijazimwa wanapungua kila mwaka. Wanayo majina ya mitambo, ya vyeo, ya magonjwa na ya mizaha ya kazini ambayo hayamo katika kamusi yoyote ya Kiswahili, kwa kuwa watunga kamusi wetu wametafuta zaidi maneno ya pwani kuliko ya viwandani. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti na subira aweza kukusanya Katuba, kwa miezi michache, msamiati na simulizi ambazo hakuna tingatinga litakaloweza kuzibeba. Kazi hiyo ianze sasa, wakati mlima na waliousimamisha bado wapo.